Rulema ya pikipiki na jicho la fundi

Mu ukurasa huu tumezoea kusema juu ya hatari za kazi: mashimo, mashini, umeme, vumbi. Leo tunatoka kazini na kuingia mu lupango yako, siku ya Jumapili, pale unapoweka pikipiki chini ya mwembe, unavua shati, na kusema: «Leo mimi mwenyewe nitabadilisha rulema za gurudumu.» Ni kazi nzuri. Muntu mwenye vyombo vichache na uvumilivu anaweza kuimaliza mu asubuhi moja. Lakini nina sababu ya kuisemea hapa, ku ukurasa wa usalama na afya.

Jumapili moja, saa tisa ya muchana, muntu moja alifika ku dispanseri pamoja na muke wake. Jina lake halina kazi hapa. Ni mutumikaji wa atelier, fundi wa kweli, na miaka mingi alikuwa hajapata hata alama moja ku mwili sababu ya kazi. Aliniambia: «Munganga, kavumbi kameingia mu jicho. Unipe dawa ya matone nirudi mbio, gurudumu liko wazi.» Nilitazama. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kidogo, na machozi kidogo, basi. Nilimufunika jicho la kuume, nikamuonyesha kalendari ya ku ukuta, naye akasoma tarehe bila kukosea. Ninakiri mbele yenu: mukono wangu ulikuwa umekwisha kufungua kabati ya dawa.

Kilichonizuia ni mikono yake. Ilikuwa na grisi nyeusi mpaka ku viwiko. Nikamuuliza: «Ndugu, ulikuwa unafanya kazi gani?» Yeye alinyamaza. Muke wake ndiye alijibu: «Tangu asubuhi anapiga rulema na nyundo. Miwani ya kazi iko ku musumari, ndani ya nyumba.» Hapo nilichukua taa na kutazama tena, polepole. Ku ngozi inayong'aa mbele ya jicho kulikuwa alama ndogo kama ncha ya sindano. Na mboni, ile nyeusi ya katikati ambayo inapaswa kuwa mviringo, ilikuwa imevutwa upande moja kama tone la maji. Halikuwa vumbi. Kitu kilikuwa kimepenya ndani.

Alipelekwa mujini siku ile ile. Radio ilionyesha kipande cha chuma kisichozidi chembe ya muchanga. Waganga wa macho walikitoa. Jicho liko mahali pake, lakini leo anasoma gazeti hili na jicho la kuume peke yake.

KWA NINI CHUMA KINARUKA

Rulema, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita beringi, inatengenezwa na chuma kigumu kupita karibu vyuma vyote vingine vya pikipiki. Ni lazima iwe hivyo, maana bili zile ndogo zinabeba wewe, muke wako, mutoto wa katikati, na pengine gunia la makala nyuma. Lakini chuma kigumu sana hakipindiki, kinakatika. Kichwa cha nyundo nacho ni kigumu. Ukigonganisha vyuma viwili vya namna hii, kipande chembamba kinaweza kukatika na kuruka na nguvu kupita jiwe la manati. Kina makali kama wembe. Kinapasua jicho haraka hata muntu hasikii maumivu makubwa, na tundu lake linajifunga nyuma yake. Ndiyo maana wengi wanasema «ni vumbi tu».

Kisha hatari mbili zinaanza. Ya kwanza ni vijidudu: kipande kile hakikuwa safi, na kwa siku moja au mbili jicho linaweza kujaa usaha. Ya pili inakuja polepole. Chuma kinaota kutu ndani ya jicho, kama musumari uliosahaulika mu ndoo ya maji, na sumu ya kutu hiyo inaua sehemu ya nyuma inayopokea mwangaza. Muntu anaweza kukaa miezi akijiambia kwamba amepona, huku usiku anaanza kukosa njia.

Basi chombo cha kwanza cha kazi hii ni miwani, mbele ya nyundo. Miwani ya jua haitoshi, na ile ya kusomea haitoshi, sababu upande wa masikio ni wazi. Unahitaji miwani ya kazi yenye kufunika pembeni. Kama ni ya kawaida ya Ulaya utasoma juu yake alama EN 166 na herufi ndogo ya nguvu: F maana yake imepimwa na kibili cha chuma kinachokuja na mwendo wa mita 45 kwa sekunde, ndiyo kusema zaidi ya kilometa 160 kwa saa. B ni mita 120 kwa sekunde. Kwa kazi ya Jumapili F inafaa, B ni bora. Kama huna ya kwako ku nyumba, muulize shefu wako wa usalama kabla ya kubeba ya kazini. Mutoto anayekaa karibu kushika tochi naye anataka miwani. Kama miwani ni moja, mutoto aende kucheza mbali. Kipande cha chuma hakichagui.

RULEMA IMEKUFA AU HAPANA?

Usifungue gurudumu bila sababu. Simamisha pikipiki ku miguu yake ya katikati, gurudumu likae juu. Lizungushe na mukono moja, na mukono wa pili ugusishe ku kiuno cha pikipiki karibu na aksi. Rulema nzuri inazunguka kimya, kama maziwa. Ile mbovu inakwaruza, unaisikia ndani ya vidole mbele ya kuisikia na sikio. Kisha shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Gurudumu likicheza, hata kidogo, rulema imekwisha. Mu njia utajua kwa mulio wa kusaga unaopanda pamoja na mwendo, na nyuma ya pikipiki inatikisika mu kona.

Usiseme itavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Rulema ikivunjika mu njia, gurudumu linalala upande, freni inashika vibaya, na pengine gurudumu linafungana kabisa. Wale ninaowashona ku dispanseri baada ya ajali ya namna hii hawakuwa wote walevi.

Huku kwetu adui wa rulema ni wawili: vumbi ya wakati wa jua, na matope ya wakati wa mvua. Nitaongeza wa tatu: mapompi ya kuoshea magari. Wenye kuosha pikipiki wanaelekeza maji ya nguvu katikati ya gurudumu, maji yanapita ku mpira wa kuzuia mafuta, grisi inatoka, kutu inaingia. Waambie waoshe hapo na kitambaa.

KUTOA GURUDUMU

Tafuta mahali pagumu na palipo sawa. Ekuru, ile nati kubwa ya aksi, ilegeze wakati magurudumu yote mawili yangali chini. Ukingoja mpaka pikipiki iko juu ya sanduku ndipo ukavuta ufunguo na nguvu zako zote, itakuangukia ku muguu. Pikipiki ndogo ya 125 ina uzito wa kilo 100 na zaidi. Mufupa wa kidole haubishani nayo. Weka sanduku la mbao chini ya motere, na ukiwa unatoa gurudumu la nyuma, funga mukono wa freni ya mbele na kipande cha shambreri ili pikipiki isiteleze.

Toa pete ya ndoa. Silete mambo ya nyumba hapa: pete ikinaswa inavua ngozi ya kidole kama vile unavyovua soksi. Na usiwashe motere ili gurudumu lizunguke «kusafisha sheni». Kidole kinachoingia kati ya sheni na meno ya gurudumu hakitoki kizima. Kati ya ajali zote za pikipiki iliyosimama, hiyo ndiyo ninayoiogopa kupita zote.

Kama freni yako ni ya ngoma, utakuta ndani vumbi ya kijivu. Usiipulize na mudomo, usiipulize na kompresa. Garnitiri za zamani, na nyingine za bei ndogo ambazo asili yake haijulikani, zinaweza kuwa na amianti, na vumbi ya amianti ikiingia mu mapafu inakaa humo. Magonjwa yake yanaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 na zaidi. Lowesha kitambaa, panguza, tia kitambaa mu mufuko wa plastiki na kuufunga. Ni dakika mbili.

Ukitoa aksi, kila kipande kinachotoka ukipange chini juu ya karatasi kwa mupango ule kiliotoka: cha kushoto kushoto, cha kuume kuume. Vile vibomba vifupi vya pembeni vinafanana lakini urefu wao mara nyingi si moja.

KUTOA RULEMA ZA ZAMANI

Sasa vaa miwani. Ndiyo, sasa, hata kama huoni bado kitu cha kupiga.

Chomoa mpira wa kuzuia mafuta na turnevisi pana. Tazama vizuri kama chini yake kuna pete ya chuma iliyokatika, ile wanayoita sirklipsi. Wengi wanapiga nyundo saa nzima juu ya rulema iliyofungwa na sirklipsi, mpaka kitovu cha gurudumu kinapasuka. Itoe na koleo yake, na uso wako uuweke mbali, maana nayo inaruka.

Kati ya rulema mbili kuna kibomba cha katikati. Ingiza kidole au turnevisi, kisukume upande, mpaka uone kapande ka pete ya ndani ya rulema ya upande wa pili. Hapo ndipo utaweka kipande chako cha kupigia. Kiwe cha shaba. Sisi watu wa Katanga, tukose shaba? Shaba ni laini, haikatiki kama chuma kigumu, na haiumizi kitovu. Lakini usiibebe ku atelier bila ruhusa, na usidhani kwamba na shaba unaweza kuacha miwani: kapande ka shaba kakiingia ndani ya jicho kanaliunguza vibaya pia. Ncha yake ikifunguka kama uyoga, ikate na tupa, sababu zile pembe za uyoga ndizo zinaruka.

Piga kidogo juu, kisha chini, kisha kushoto, kisha kuume, ili rulema itoke sawasawa. Ukipiga upande moja tu italala na kukwama. Ya kwanza ikitoka, kibomba kinatoka, na ya pili ni rahisi. Ku gurudumu la nyuma la mapikipiki mengi kuna rulema ya tatu, ndani ya kitako cha meno ya sheni, usiisahau.

Kama inakataa, usikimbilie nyundo kubwa. Tumia moto, lakini moto wa maji. Kitovu cha gurudumu ni aluminiamu, rulema ni chuma, na ukivipasha moto pamoja aluminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Zungushia kitovu kitambaa, mwangia maji yanayochemka kutoka ku birika, ngoja dakika moja mbili, mwangia tena. Tofauti ni ndogo, chini ya unene wa unywele, lakini ndiyo inayoachia rulema. Birika liwe mbali na watoto, na mukono wako uwe na kitambaa kikavu, maana kitambaa chenye maji kinapitisha moto upesi. Usiweke gurudumu juu ya mbabula, na usiunguze grisi na miali ya gazi: mpira na tairi vitaharibika, na grisi inayowaka inarukia mikono.

Rulema uliyoitoa kwa kupiga pete ya ndani usiirudishe hata kama inaonekana nzuri. Nguvu ya nyundo imepita ndani ya bili na kuchimba vishimo mu njia yake. Macho hayavioni, lakini barabara itavisikia.

NAMBA NA DUKA

Panguza rulema ya zamani na usome namba yake. Tuseme ni 6202. Tarakimu mbili za mwisho zinasema tundu la katikati: 01 ni milimita 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na tangu 04 unazidisha na 5, ndiyo kusema 04 ni 20. Lakini angalia ya mbele pia: 6201 na 6301 zote zina tundu la 12, lakini ya kwanza ina upana wa inje wa milimita 32, ya pili 37. Muuzaji akikuambia «ni sawa tu», umwonyeshe ya zamani na kuzipima moja juu ya nyingine. Herufi 2RS zinaonyesha kwamba rulema imefungwa na mpira pande mbili. ZZ imefungwa na bati nyembamba. Kwa vumbi na matope yetu ninachagua 2RS kila mara. Badilisha zote mbili pamoja, na mipira ya kuzuia mafuta pia. Ile iliyobaki imekula njia moja na mwenzake.

KUWEKA MPYA

Hapa nitawaambia kosa langu mwenyewe, ili musicheke fundi wa Jumapili ile. Mimi nilisoma ufundi wa uganga, si wa mashini. Pikipiki yangu ya kwanza nilibadilisha rulema ya nyuma kwa kuipiga katikati, ku pete ya ndani, na duyi ndogo niliyoikuta karibu. Iliingia vizuri. Nilifurahi. Nilisahau pia kutazama kama kibomba cha katikati kilikaa sawa. Wiki mbili baadaye, mu njia kati ya Lubumbashi na Likasi, gurudumu lilianza kulia kama mbuzi, na nilisukuma pikipiki mpaka giza. Munganga alilipa fundi mara mbili.

Basi mushike hili: kutoa, unapiga ndani kwa sababu hakuna njia nyingine na rulema inakufa. Kuweka, unagusa pete ya inje tu. Tafuta duyi yenye upana mudogo kidogo kuliko rulema, ili ikae juu ya pete ya inje bila kugusa mpira wala pete ya ndani. Rulema ya zamani inaweza kusaidia kama imesagwa kidogo pembeni. Isiposagwa itakwama ndani pamoja na mpya, na hapo utaniita mimi na madawa ya kichwa.

Kama umeme upo, tangu usiku weka rulema mpya mu sehemu ya barafu ya frigo, ndani ya mufuko wa plastiki uliofungwa. Itajikunja kidogo. Asubuhi pasha kitovu na maji ya moto, kikaushe kabisa, pakaa grisi nyembamba, na rulema itaingia karibu bila kupigwa. Mulio wa nyundo unakuambia: inapoingia mulio ni mwepesi, inapofika ku kituo mulio unageuka mugumu na mufupi. Hapo acha.

Mu mapikipiki mengi unaanza na upande wa diski ya freni, unaiingiza mpaka mwisho. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinaamua. Kisha ingiza kibomba cha katikati. Hiki ndicho watu wanakisahau, au wanakitupa wakidhani ni cha bure. Kazi yake ni kubeba nguvu ya ekuru. Kikikosekana, unapokaza aksi unasukuma pete mbili za ndani moja kuelekea nyingine, bili zinabanwa upande, rulema inapata moto na kufa. Rulema ya pili ingiza mpaka iguse kibomba, si zaidi. Pitisha aksi na mukono: ikipita bila kulazimishwa na pete za ndani zikizunguka laini, umefanya vema.

USIOSHE NA ESANSI

Ninawaona. Bakuli la esansi chini, mikono ndani, sigara mu mudomo, na mita tatu kutoka hapo mama anapika bukari ku mbabula. Moshi wa esansi hauonekani, ni muzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unakuta moto, na moto unarudi kwa njia ile ile mpaka ku bakuli. Ku mikono nayo esansi inakausha ngozi, inaipasua, na ina benzini inayopita ku ngozi na ku pumzi na kuharibu damu. Panguza kwanza grisi na kitambaa kikavu, kisha tumia maji ya moto na sabuni ya unga. Mikono ioshe na mafuta ya kula na sukari kidogo, halafu sabuni. Inatoka yote. Rulema mpya ya 2RS haioshwi hata kidogo, grisi yake imo ndani tayari.

Na usizungushe rulema na pumzi ya kompresa ili uisikie ikilia. Inaweza kupasuka na bili zikatoka kama risasi.

KAMA IMEKUFIKIA

Kitu kikiingia mu jicho wakati chuma kilikuwa kinapiga chuma, uhesabu kwamba kimepenya, hata kama unaona vizuri. Usisugue. Usibonyeze. Usioshe na nguvu, usijaribu kutoa kitu na ncha ya kitambaa wala na simaku ya radio ya zamani. Usitie matone, wala mafuta ya dawa, wala maziwa ya mama, wala dawa ya majani. Chukua kikombe kidogo cha plastiki, au kata chini ya chupa, kifunike jicho bila kuligusa, ukibandike ku paji la uso na ku shavu. Fumba na jicho la pili, maana macho mawili yanatembea pamoja. Musile, musinywe, kwa sababu waganga wanaweza kutaka kufanya operesheni siku ile. Muntu mwingine akupeleke, usiendeshe.

Unapofika, neno la kwanza liwe: «Nilikuwa ninapiga chuma na nyundo.» Usingoje munganga atazame mikono yako. Neno hilo litamfanya aombe radio, na limuzuie kukupeleka ku mashini kubwa ya simaku inayopiga picha ya mwili, ambayo inaweza kuvuta chuma ndani ya jicho. Atauliza pia juu ya sindano ya pepopunda. Uwe unajua ya mwisho ulipata mwaka gani.

Ni tofauti kama ni esansi au mafuta ya freni yamerukia jicho. Hapo maji, maji mengi safi, mara moja, dakika 15 mpaka 20, jicho limefunguliwa na vidole, kisha ndipo uje dispanseri. Kama ni vumbi ya kawaida, bila nyundo wala chuma, osha na maji safi. Ikibaki inachoma baada ya masaa machache, uje.

Kidole kikikatwa na sheni, bana kidonda na kitambaa safi, inua mukono. Kipande kilichokatika kifunge mu kitambaa safi chenye maji kidogo, ukitie mu plastiki, na plastiki ile juu ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe.

MBELE YA KUPANDA

Gurudumu likirudi mahali pake, kaza ekuru kama kitabu kinavyosema, weka pini yake mpya kama inayo, na pima sheni. Kama freni ni ya diski, bonyeza mukono wake mara nyingi mpaka uwe mugumu. Baada ya kutoa gurudumu, mara ya kwanza unaweza kubonyeza na isishike kitu. Panguza diski kama vidole vya grisi viliigusa. Zungusha gurudumu, sukuma na kuvuta tairi kama mwanzo.

Kisha panda peke yako, bila mama wala mutoto, polepole mpaka mwisho wa barabara ya kambi na kurudi. Simama, gusa kitovu cha gurudumu pale karibu na aksi. Kikiwa vuguvugu ni sawa. Kikiwa na moto hata huwezi kuacha mukono juu yake, na freni haikuwa inashika, kitu kimebanwa ndani: pengine kibomba hakikukaa, pengine rulema imeingia ikilala. Toa gurudumu tena siku ile ile, na mbele ya kuchukua nyundo, rudisha miwani ku uso.